Harufu ya sanduku la Nyanya

Kila nyumba iko na harufu yake. Ile nyumba ya Kasongo ambamo tulizaliwa, sisi ndugu watano, ilikuwa nazo mbili: harufu ya mawese asubuhi, na harufu ya sanduku la Nyanya kila Alhamisi mangaribi. Mawese wote wanayajua. Tutaandika juu ya sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati, rangi ya kijani imekwisha kubambuka. Ndani mlikuwa vitenge vya sikukuu, kanzu moja ya marehemu babu yetu, na kifurushi kidogo kilichofungwa na uzi. Ndani ya kifurushi mlikuwa ubani. Kisha sala ya magharibi, Nyanya alichukua makala mbili tatu zenye moto toka mbabula, akaziweka katika chetezo cha udongo, akadondosha chembe ya ubani, halafu akafunika chetezo na kikapu kilichopinduliwa. Kitenge akakitandaza juu ya kikapu, moshi ukipita katikati ya nyuzi. Sisi tulikuwa tunaikalaka pale karibu, kimya kabisa, kitu ambacho hatukufanya hata msikitini.

Ile harufu haikuwa tamu kama sabuni, wala haikupiga pua kama malashi ya duka. Ilikuwa harufu ya joto, nzito, yenye kukaa chini, sawa na ubao wa zamani uliomwagikiwa asali na kuachwa juani. Mutu akivaa kitenge kilichofukizwa, ulimsikia kisha amepita, si mbele ya kufika.

Vita ya 1998 ilipotufikia tulikimbia kwenda Kindu. Sanduku lilibaki, na tuliporudi kuangalia hapakuwa hata kufuli. Nyanya alitoka na kitenge kimoja alichokunja na kukificha chini ya nguo zake. Alikufa Kindu mwaka 2001, na yaya yetu akakifunga kile kitenge ndani ya mfuko wa plastiki. Hatukukifungua mpaka 2004, siku ambayo tulikuwa tunatafuta karatasi za shule. Harufu ilikuwamo. Si yote, lakini ilikuwamo, na wanaume wazima watatu walitoka nje kila mmoja akisema anaenda kuangalia mbuzi. (Hatukuwa na mbuzi.)

Dada yetu mudogo anayefanya kazi katika famasi alitueleza jambo lile bila machozi. Harufu ya limau ni nyepesi, inaruka kwa dakika chache na kwisha. Utomvu wa muti ni kitu kingine. Muti unapokatwa unatoa utomvu ili kufunga kidonda, kwa hiyo ni kitu cha kunata na kugumuka, na sehemu kubwa ya harufu yake ni nzito, haina haraka ya kuondoka. Watengeneza malashi wa Ulaya wanajua hivyo, njo maana wanaweka vitu vya namna hii chini kabisa ya malashi yao, vishike vingine visikimbie.

Miaka iliyofuata, mpwa wetu mmoja anayefanya biashara alirudi toka Dubai na chupa ndogo iliyoandikwa kwa Kiarabu na kwa Kifaransa: "ambre". Alipaka kidogo juu ya mkono wa yaya. Yaya alinusa, akanyamaza, akasema: "Huyu iko Nyanya mwenyewe." Tulinusa wote kwa zamu. Haikuwa Nyanya kabisa, ilikuwa tamu kupita yeye. Lakini walikuwa ukoo mmoja.

Tukaanza kuuliza, hii "ambre" iko nini? Jina limetudanganya kwanza. Tulidhani ni ambari, kile kitu cha nyangumi kinachookotwa pwani ya bahari na ambacho watu wa Unguja na wa Uarabuni wamekipenda tangu zamani. Siyo. Tukadhani ni kaharabu, yale mawe ya manjano ya kutengenezea tasbihi, ambayo ni utomvu wa miti iliyokufa mamilioni ya miaka. Siyo pia. Malashi yenye jina hilo ni mchanganyiko tu: utomvu wa kijiti kinachomea kando ya bahari ya Mediteranea, kinachoitwa labdanumu; benzoini, utomvu wa muti wa Sumatra na Laos; na vanila, sawa na ile inayolimwa kwetu upande wa Beni na Butembo. Mara nyingi vanila yenyewe inatoka maabara, maana Wadachi walijua kuitengeneza tangu 1874. Basi ni jina la harufu ya joto, hakuna kitu kimoja unachoweza kushika mkononi na kusema hii njo ambre.

Hapo ndipo magomvi yalipoingia nyumbani. Kaka yetu anafundisha historia, na mwalimu wa historia hawezi kunusa kitu bila kuuliza kilipita njia gani. Alituambia, mbele ya chakula: "Munapenda ubani. Sawa. Ubani unatoka Somalia na Omani. Udi unatoka India na mbele zaidi. Nani aliufikisha Kasongo?" Hatukujibu, juu jibu tulilijua. Ulifika na misafara. Toka Bagamoyo mpaka Tabora, toka Tabora mpaka Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, halafu miguu mpaka Nyangwe na Kasongo, mahali ambapo Tippu Tip alijiweka kunako 1875. Na misafara haikurudi mikono mitupu. Ilirudi na pembe za tembo, na watu wakiwa wamefungwa shingo. Nyangwe ni mahali pale ambapo Livingstone, mwezi wa Julai 1871, aliona watu wa soko wakipigwa risasi mpaka wakajitupa mtoni. "Babu wa Nyanya," kaka alisema, "hatujui kama alishika kamba ama alifungwa nayo."

Kwa kweli hatujui. Katika jamaa za Kasongo wengi hawajui, na wanaojua hawasemi. Baba mudogo alikasirika, akasema hayo ni maneno ya kuvunja nyumba, na kwamba Nyanya alikuwa akifukiza nguo zake, hakuuza mutu. Yaya naye alimjibu kaka kwa namna yake: "Muchele unakula, ulifika na nani? Maembe ya Tongoni nani aliyapanda? Na hii Kiswahili unatutukania nayo?" Kaka alicheka, lakini hakurudisha neno lake, na sisi hatukutaka alirudishe. Tangu siku ile hatufungui ubani bila kufikiri ile njia. Inakaa ndani ya moshi pamoja na Nyanya.

Kuna jambo moja tulilokuwa tumelisahau, na ni magomvi hayo yaliyolirudisha. Kabla ya kukimbia, wakati barabara zilipofungwa na ubani ukakosekana sokoni, Nyanya hakuacha kufukiza. Alituita: "Batoto, muende ku pori, mulete machozi ya mupafu." Mpafu ni ule muti mrefu sana wa pori letu, wenye matunda ya rangi ya zambarau ambayo tunalainisha ndani ya maji ya moto na kula na chumvi. Ukiukata gamba unatoa utomvu mweupe ambao unagumuka na kuwa wa manjano. Ukichomwa unatoa harufu iliyo karibu sana na ubani, ila kali kidogo, yenye upepo wa pori ndani yake. Nyanya alituonyesha mahali pa kukata na namna ya kungoja. Nani alimfundisha? Si watu wa pwani. Wazee wa pori walichoma mpafu na kuwasha mienge yake kabla ya msafara wowote kufika. Baba mudogo hata siku zile alikataa kuingia nyumbani, akasema ule ni moshi wa kipagani. Nyanya alimwacha akae nje mpaka mvua ikamwingiza.

Mwaka jana tulioza mtoto wa yaya hapa Kindu. Ilitupasa kufukiza nguo za bibi arusi. Wakwe zetu ni watu wa kanisa la uamsho, na mama mkwe alituma neno mapema kwamba hataki moshi wa uganga juu ya mwana anayeingia kwake. Tulifikiri kuacha. Chupa ya Dubai ilikuwepo, ingemaliza neno bila kelele. Yaya alikataa. Alimwalika mama mkwe aje yeye mwenyewe, usiku wa kuamkia arusi, na kukaa karibu na kikapu. Tulitia ubani kidogo na mpafu kidogo, kila kimoja tukikitaja jina na kule kinakotoka, na hatukumficha hata habari ya misafara. Mama yule alikohoa, akafungua dirisha, akalifunga tena. Halafu akasema kwamba kwao Kailo nyanya yake alikuwa anaweka ile ya pori ndani ya nguo za mtoto mchanga, na kwamba yeye alikuwa amelisahau jina lake. Hakusema zaidi. Kesho yake kanisani tulimsikia bibi arusi kisha amepita.

Mpafu sasa unakatwa sana na wapasuaji wa mbao, na ule ambao Nyanya alituonyesha haupo tena. Utomvu uliobaki tumeuweka ndani ya kopo la maziwa, kadiri ya ngumi moja. Mwenye kutaka kuujua apite nyumbani Alhamisi, kisha magharibi.