Mashine Zinazobisha Hodi

Mwaka 2004, saiba moja ya ghorofa ya pili kwenye Moi Avenue, katikati ya Nairobi, ilikuwa na kompyuta 12, na 7 kati yake zilikaa zimefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Skrini zake zilikuwa nzima, kibodi nzima, hata ubao wa ndani ulikuwa mzima. Kilichokufa ni diski. Zilikuwa Pentium za mitumba, zilizofika nchini zikiwa zimechoka, kisha vumbi la mjini na stima inayopotea na kurudi bila taarifa vikamaliza kilichobaki. Wakati huo mteja alilipa shilingi 1 kwa dakika. Mashine moja ikilala saa nzima, shilingi 60 zimepotea, na hizo zilikuwa 7.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ndiye aliyekuwa kijana wa saiba hiyo. Kazi yake ilikuwa kuandika saa ya mteja kuingia na saa ya kutoka, kupokea pesa, na kupangusa vumbi. Rafiki yake alimletea sidii iliyonakiliwa kutoka mkono hadi mkono, yenye programu iitwayo LTSP, mradi ulioanzishwa na Jim McQuillan wa Marekani mwaka 1999. Ahadi yake ilikuwa ngumu kuaminika: kompyuta isiyo na diski kabisa ingeweza kubuti kupitia kebo ya mtandao na kutumia Linux iliyo ndani ya mashine nyingine. Mashine moja yenye nguvu ingekuwa seva, na zile 7 zingekuwa teminali zake.

Kijana aliuelewa mpango huo kwa kuufananisha na jambo analolijua kila aliyelelewa nyumba ya Waswahili. Mashine isiyo na diski ikiwashwa haijui lolote isipokuwa namba iliyotiwa kiwandani kwenye kadi yake ya mtandao. Basi inabisha hodi. Inatuma ujumbe kwa kila aliye kwenye waya: mimi ni fulani, naomba anwani. Seva inayotumia DHCP ikiisikia huikaribisha kwa maneno matatu: anwani yako ni hii, faili la kukuamsha linaitwa hivi, na linakaa kwa fulani. Mashine hulifuata faili hilo kwa TFTP, inapata kerneli ya Linux, na kerneli ikishaamka huomba mafaili yote mengine kutoka kwa seva. Kuanzia hapo, mtu akifungua ukurasa au kuandika barua, kazi yote hufanywa na seva; teminali huchora picha kwenye skrini na kupeleka habari za kibodi na mausi. Hodi isipojibiwa, mashine hurudia, kisha hukata tamaa kama mgeni mstaarabu.

Pentium zile hazikuwa na uwezo wa kubisha hodi zenyewe. Zilihitaji flopi iliyoandikwa programu ya Etherboot, na kila aina ya kadi ilitaka flopi yake. Kijana alishuka Luthuli Avenue kununua flopi na kadi za Realtek 8139, zile za bei ya chini kuliko zote, akapakua programu kutoka tovuti ya rom-o-matic iliyokuwa ikimtengenezea mtu faili la kadi aliyoichagua. Aliwasha mashine ya kwanza usiku, saiba ikiwa imefungwa. Maneno meupe yakaja kwenye skrini nyeusi, kwamba inatafuta seva, yakifuatwa na nukta. Nukta moja, ya pili, ya tatu, mpaka zikafika ukingo wa skrini.

"Kijana wangu," mama mwenye saiba alimuuliza usiku wa pili, "hizo nukta zinaenda wapi?"

Swali hilo lilimfundisha kuliko kitabu. Nukta zilikuwa habari. Kama flopi ingekuwa ya kadi nyingine, mashine isingeiona kadi kabisa na nukta zisingekuwepo. Zilikuwepo, kwa hiyo kadi inaonekana na hodi inapigwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeitika. Akaacha kuhangaika na teminali, akageukia seva. Usiku wa tatu alikuta programu ya DHCP haikuwa imewaka hata mara moja, kwa sababu katika faili la dhcpd.conf mstari mmoja ulikosa nukta-mkato mwishoni. Aliiweka, akaiwasha upya, na mashine namba 1 ikaitikiwa. Mpaka kulipokucha, zote 7 zilikuwa zinafanya kazi, na mama akavua nailoni kwa mikono yake mwenyewe.

Kwingineko Afrika jambo hilohilo lilikuwa likiendelea kwa kiwango kikubwa zaidi. Afrika Kusini kulikuwa na tuXlabs, maabara za shule zilizofadhiliwa na Shuttleworth Foundation, na Namibia kulikuwa na SchoolNet. Kote huko mashine zisizo na diski zilining'inia kwenye seva moja ya Linux. Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, na kwa mara ya kwanza mtu akafungua programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kijana wa Moi Avenue hakuwa na habari za wote hao. Alidhani yuko peke yake.

Aliacha saiba akawa fundi wa kujitegemea. Mwaka 2007 alikuwa akipanda matatu ya namba 46 kila Jumamosi kwenda shule moja ya msingi Kawangware, yenye darasa la mabati lililogeuzwa kuwa chumba cha kompyuta. Sidii za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, wakati huo zilitumwa bure kwa posta dunia nzima. Zake alizichukua Posta Kuu, Kenyatta Avenue, ndani ya bahasha iliyosafiri bara hadi bara. Toleo la shule liliitwa Edubuntu, lilikuwa limetoka Oktoba 2005, na LTSP ilikuwa ndani yake tayari. Flopi hazikuhitajika tena. Kompyuta za mitumba zilizofika miaka hiyo zilikuwa na PXE ndani ya kadi, kwa mujibu wa kanuni ambazo Intel ilizitoa mwaka 1999. Ukibonyeza F12, mashine inabisha hodi yenyewe.

Teminali 10 ziliwaka muhula mzima bila kisa. Kisha Jumatatu moja mwalimu akampigia simu: "Fundi, zote zimekataa."

Alipofika, kila skrini ilikuwa na maneno PXE-E53. Watu wengi huona maandishi kama hayo na kuanza kubadilisha kebo. Lakini namba zile zina maana, na anayezisoma anaokoa siku nzima. E61 ni kebo au swichi. E51 ni kwamba hakuna DHCP iliyojibu. E32 ni kwamba faili limeombwa kwa TFTP na seva imenyamaza. E53 ni jambo la ajabu zaidi: hodi imejibiwa, anwani imetolewa, lakini jina la faili halikutajwa. Yaani kuna aliyekaribisha mgeni ndani bila kumwonyesha pa kukaa.

Seva yake ilikuwa ikigawa anwani zinazoanza na 192.168.0. Juu kidogo ya maandishi ya kosa, mashine zilionyesha 192.168.1. Fundi hakugusa kibodi. Alifuata kebo kwa macho, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye swichi, mpaka akafika dirishani, ambapo mhisani alikuwa ameacha ruta ndogo ya intaneti wikendi ile, zawadi iliyotolewa kwa moyo safi. Ruta hiyo nayo ilikuwa na DHCP, na ilijibu haraka kuliko seva. Aliichomoa, teminali zikawaka. Wiki iliyofuata alitia kadi ya pili kwenye seva, ruta ikakaa upande mmoja na watoto upande wa pili, na intaneti ikapita katikati.

Kazi ile ilimwachia funzo jingine la uchungu. Alipokuwa akizipanga upya anwani, alibadilisha ya seva pia. Teminali zilibuti vizuri, ukurasa wa kuingilia ukatokea, lakini kila mtoto aliyeandika neno lake la siri alikataliwa, hata mwalimu. Maneno ya siri yalikuwa sahihi. Teminali zilikuwa zimehifadhi ufunguo wa kuitambua seva kwa anwani yake ya zamani, na sasa hazikuitambua. Dawa ilikuwa amri mbili, ltsp-update-sshkeys kisha ltsp-update-image, na dakika kadhaa za kungoja. Watoto 30 na zaidi walisimama mlangoni wakati wote huo, na hakuna aliyeondoka.

Ofisi moja ya Westlands ilimlipa vizuri kwa hitilafu ambayo mpaka leo huwasimulia vijana wanaojifunza kazi hii. Teminali mpya, swichi mpya ya bei kubwa, seva nzima, na bado asubuhi hakuna iliyobuti. Zilipowashwa mara ya pili, baadhi ziliwaka. Swichi za aina hiyo, kebo ikiamka, huchunguza kwanza kama kuna mzunguko kwenye mtandao: sekunde 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza, ndipo mlango unafunguliwa. Ni kama soja wa getini anayeandika jina lako kwenye daftari huku mwenyeji amekungoja sebuleni. Kadi zilibisha hodi na kukata tamaa kabla soja hajamaliza. Aliiambia swichi kwamba milango ile ina kompyuta tu na ifunguke mara moja. Kazi ya dakika 5, baada ya siku 2 za kutafuta.

Halafu ulikuja mwaka 2009. Kabla yake intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Juni mwaka huo kebo ya chini ya bahari iitwayo TEAMS ilifika Mombasa, na Julai nyingine, SEACOM, ikaanza kazi. Nairobi ilifurahi, na kwa haki. Lakini katika vyumba vya teminali, furaha hiyo ilifichua udhaifu ambao intaneti ya polepole ilikuwa imeuficha miaka yote. Watoto walianza kufungua video.

Hesabu yake si ngumu. Video ya nukta 800 kwa 600, kila nukta baiti 3, picha 25 kwa sekunde, ni megabaiti 36 kila sekunde, au megabiti 288. Seva ilikuwa ikiifungua video yenyewe, kisha ikiisukuma picha baada ya picha kwenye kebo ya teminali iliyobeba megabiti 100. Mtoto mmoja tu akitazama somo la moyo na mishipa ya damu, skrini yake ingekwama. Watano wakitazama, chumba kizima kingesimama. Fundi alijaribu kila alichokijua. Alinunua swichi ya gigabiti, akapunguza rangi za skrini, akawaomba walimu waonyeshe video kwenye mashine moja tu. Aliyaona macho ya watoto wakirudi nyuma kutazama kwenye skrini ya mwalimu, na hakulala vizuri.

Jibu lilikuwa kuigeuza kazi juu chini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, LTSP iliruhusu teminali kubuti kupitia mtandao vilevile, bila diski, lakini programu ziendeshwe na prosesa na kumbukumbu ya teminali yenyewe. Seva ikabaki kuwa ghala: inaamsha, inatunza mafaili ya watoto, inanyamaza. Wakati huo mitumba ya Nairobi ilikuwa na kompyuta zenye nguvu ya kutosha. Ule mpango wa seva moja kufikiri kwa niaba ya wote, uliomfanya aipende kazi hii, aliuacha kwa mkono wake mwenyewe, na video zikacheza.

Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa tabuleti kwa darasa la kwanza, na shule kadhaa zikasahau vyumba vyao vya kompyuta. Edubuntu nayo ilikuwa imenyamaza baada ya toleo la 2014, ikafufuliwa 2023 tu. Lakini mwaka 2019 Alkis Georgopoulos wa Ugiriki aliiandika LTSP upya kutoka mwanzo, na fundi akairudisha kwenye shule moja ya Kangemi. Amri zilipungua mpaka zikatosha kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wala hakuhitaji kugombana na ruta tena: ruta hutoa anwani, na programu ya dnsmasq kwenye seva huongeza jina la faili tu. Wawili wanamkaribisha mgeni mmoja, kila mmoja na lake.

Ugumu mpya ulikuwa UEFI, programu inayoziamsha kompyuta za karibuni. Mashine za zamani zilipokea faili moja. Hizi za karibuni zinataka faili la aina nyingine, na katika hodi yake kila moja hutaja ni ya aina gani ili seva ichague. Ukisahau, skrini husema faili limepakuliwa salama, kisha hurudi mwanzo kimya. Au faili ni sahihi lakini kinga ya Secure Boot imelikataa. Zamani angepanda matatu kwenda kuona. Siku hizi mwalimu humtumia picha ya skrini kwa WhatsApp.

Juzi alikuwa ndani ya matatu ya namba 23, imekwama Westlands, simu ikalia. Picha ilionyesha dirisha la tcpdump, programu inayoonyesha ujumbe unaopita kwenye waya, kwenye seva, na chini yake ujumbe wa mwalimu: msichana mmoja wa klabu ya kompyuta anasema mashine namba 7 imebisha hodi na ruta mbili zimeitika. Fundi alikuza picha, akaona anwani mbili zisizofanana. Aliandika kwamba watafute ruta iliyochomekwa upya, pengine karibu na dirisha. Kabla ujumbe haujatoka, picha ya pili iliingia: kebo mkononi mwa msichana, na nyuma yake mashine namba 7 ikiwaka.