Ngumi haisubiri mshahara

Najua nimeadimika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe leo ni wa shata. Tangu washikaji wanione na kamera begani, kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile: "Kaka, kamera gani nzuri ya kupigia mpira, lakini isiwe ya bei ya kuua mtu?" Nimechoka kujibu nusu nusu kwenye daladala, kwa hiyo leo najibu lote. Ni refu kidogo, ila jibu fupi kwenye jambo hili ndilo linalowapotezea watu hela.

Kwanza mjue kwa nini mimi, mwandishi wa kalamu, nimejiingiza huku. Chumba chetu cha habari kina kamera chache kuliko waandishi, na Jumamosi zote zinakwenda kwenye mechi kubwa. Simba au Yanga akicheza, wapigapicha wetu wako Uwanja wa Mkapa, basi. Sisi tuliotumwa kwenye ngumi za Manzese, ligi ya wanawake au ndondo za Temeke tunarudi na maneno matupu na picha ya simu ambayo mhariri akiifungua anacheka. Kesho yake habari inatoka na picha ya maktaba, au haitoki kabisa.

Mnaweza kusema, kwani ina ubaya gani? Mwaka jana nilikutana na kijana mmoja, winga wa timu ya mtaani, anatembea na kipande cha gazeti ndani ya mfuko wa nailoni. Anakwenda nacho kwenye majaribio ya timu. Kipande chenyewe kina jina lake kwenye mstari mmoja, hakina picha. Akaniambia, "Bro, kocha akisoma anauliza, ni wewe kweli huyu?" Neno lile lilinikaa. Mchezaji wa timu kubwa ana televisheni, ana marudio ya taratibu, ana kila kitu. Huyu wa mtaani asipopigwa picha Jumamosi, bao lake limekufa Jumamosi hiyo hiyo.

Basi nikaanza kuweka akiba. Miezi kumi na minne, nikafikisha shilingi 1,800,000. Kwa mtu wa mshahara wangu hiyo si hela ya kuchezea. Ni kodi ya chumba, ni ada ya mdogo wangu aliye chuoni ambaye bado hajui kwamba nilishaipigia hesabu mara mbili kabla ya kuigusa. Kwa hiyo kila niliyemsikiliza nilimsikiliza kwa makini.

Kundi la kwanza lilisema: nunua simu kali, mambo yameisha. Mimi siibezi simu. Kwenye ajali, mkutano wa siasa au mafuriko ya Jangwani, simu iko mfukoni na video inaruka papo hapo. Lakini mpe simu mchezaji aliye mita hamsini kutoka ulipo, anakimbia, jua linazama. Kihisi chake cha mwanga ni kidogo kama punje ya mahindi, na ile zumu ya mwisho inayotangazwa ni kuikata picha na kuikuza tu. Unapata rangi ya jezi na uso kama umepakwa uji.

Kundi la pili lilisema: nenda Kariakoo ukachukue kamera mpya ndani ya boksi, yenye waranti. Nikaenda. Muuzaji akaniita bosi (hapo nikajua bei imeshapanda), akanitolea Canon EOS 4000D na lenzi yake ya 18-55. Ni kamera ya mwaka 2018, ina megapikseli 18. Kwa sherehe na picha za familia inafaa sana. Ila inapiga fremu 3 kwa sekunde na ina pointi 9 za fokasi. Sasa linganisha na Canon EOS 7D iliyotoka mwaka 2009. Nayo ina megapikseli 18, lakini inapiga fremu 8 kwa sekunde, ina pointi 19 za fokasi, na bodi yake ni ya aloi ya magnesiamu. Ilipotoka iliuzwa dola 1,699 bila lenzi. Leo ni mtumba, na watu wanaipita kwa sababu imezeeka. Umeona mchongo ulipo? Kamera ya hali ya chini ya juzi inazidiwa na kamera ya kazi ya zamani, kwa sababu hii ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyokimbia.

Lakini bodi ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Hapa naomba mnivumilie kidogo na hesabu.

Mpira uliopigwa kwa nguvu ukienda kilomita 100 kwa saa, unakata karibu mita 28 kila sekunde. Ukipiga picha kwa kasi ya shata ya 1/1000, mpira unasogea chini kidogo ya sentimita 3 wakati shata iko wazi. Hapo unaonekana mpira. Ukishuka mpaka 1/250, unasogea sentimita 11, yaani nusu ya upana wake, unakuwa kama yai lililovutwa. Mguu wa mpigaji nao ni vilevile. Hata binadamu akikimbia tu: Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Februari 2, 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32.16. Hiyo ni wastani wa mita 7 kwa sekunde, mwili mzima. Kwa shata ya 1/125 mwili wake ungesogea zaidi ya sentimita 5 ndani ya fremu moja, na miguu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo unataka 1/1000. Na 1/1000 inakula mwanga. Mwanga unaingilia wapi? Kwenye lenzi. Ile lenzi ya boksi ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake linafunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya hiyo. Mara nne ndiyo tofauti ya 1/250 na 1/1000! Yaani mtu mwenye lenzi hafifu na mtu mwenye lenzi nzuri wanaweza kusimama pamoja na bodi zinazofanana, mmoja akapata yai na mwenzake akapata mpira.

Na Dar es Salaam jambo hili lina saa yake. Mechi zetu za mtaani zinaanza saa 10 jioni, viwanja havina taa. Jua la hapa linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi. Kipindi cha pili chote unacheza na giza, na mabao mengi niliyoyaona ya ndondo huja humo, watu wakishachoka na mabeki wakishagombana.

"Sawa, lakini fremu nyingi si ndiyo dawa?" Zinasaidia, sikatai. Ila piga hesabu tena. Mpira wa mita 28 kwa sekunde, kamera ya fremu 8: kati ya fremu moja na nyingine mpira umeshakwenda mita 3 na nusu. Kwa kamera ya fremu 3 umekwenda zaidi ya mita 9. Ngumi nayo inatoka begani, inafika shavuni, na kichwa kimeshageuka kabla fremu ya pili haijaja. Anayeminya kitufe na kuomba Mungu atapata kabla na baada. Ile ya katikati inapatikana kwa kuujua mchezo, ujue huyu bondia akishusha bega la kushoto kinachofuata ni nini.

Mfano mzuri ni wa Mei 25, 1965, mji wa Lewiston, jimbo la Maine kule Marekani. Muhammad Ali anamwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza, anasimama juu yake anamfokea. Picha ile mmeiona, hata kama hamjui nani aliipiga. Aliipiga Neil Leifer, akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa na kamera ya filamu aina ya Rolleiflex, na taa zake za mmweko zilizofungwa juu ya ulingo zilihitaji sekunde kadhaa kujichaji upya. Kwa hiyo pale alikuwa na fremu moja. Moja tu! Ukiiangalia vizuri picha hiyo, katikati ya miguu ya Ali anaonekana mpigapicha mwingine, Herb Scharfman, mzoefu kuliko yeye, lakini Ali amempa mgongo. Kukaa upande sahihi ilikuwa bahati. Kuminya kwa wakati ilikuwa kazi.

Haya, nilinunua nini? Nilipata 7D ya mtumba kwa 650,000. Lenzi ya Canon 70-200 f/4, ile nyeupe isiyo na kituliza mtikisiko, kwa 800,000. Na kalenzi kadogo ka 50mm f/1.8 kwa 200,000, kwa ajili ya ngumi. Jumla 1,650,000. Iliyobaki ikaenda kwenye memori kadi na nauli. Ndoto yangu ilikuwa 70-200 ya f/2.8, lakini kwa hela yangu f/4 inaingiza mwanga mara mbili ya f/5.6, na ni nyepesi, karibu gramu 700. Kwenye 7D, urefu wa milimita 200 unaonekana kama 320, kwa sababu kihisi chake ni kidogo kuliko filamu ya zamani. Kwa kiwanja cha mtaani inatosha.

Ina kero zake. Inatumia kadi za CompactFlash, ambazo kuzipata siku hizi ni kama kutafuta kanda ya kaseti. Ukipandisha ISO mpaka 3200, chembechembe zinajaa kwenye picha. Ila gazeti letu linachapwa kwenye karatasi nyembamba inayonyonya wino, chembechembe nyingi zinamezwa humo. Msomaji anaangalia kama goli lilivuka mstari.

Msinielewe vibaya, siko hapa kuipigia debe Canon. Mwenye Nikon aangalie D7000 ya mwaka 2010, inapiga fremu 6 na ina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi zile za zamani za 80-200 f/2.8 zinafanya kazi yenyewe. Bodi ndogo za Nikon, za D3000 na D5000, hazina mota hiyo. Ukifunga lenzi hiyo utazungusha fokasi kwa mkono huku goli linaingia. Sony a6000 ya mwaka 2014 inapiga fremu 11 na ni ndogo ajabu, lakini lenzi zake ndefu zenye tundu kubwa ni ghali. Na hizi mpya zisizo na kioo ndani, kama Canon R10 ya mwaka 2022, zinafuata jicho la mchezaji zenyewe na kupiga fremu 15 kwa sekunde. Nzuri mno. Ilitoka kwa dola 979 bila lenzi, yaani akiba yangu yote na deni juu. Mwenye mshiko huo achukue bila kuangalia nyuma.

Ukinunua mtumba, usiwe na haraka. Washa taa ya simu, mulika ndani ya lenzi, utafute fangasi: ni kama utando wa buibui. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, lenzi nyingi za hapa zimeumwa ugonjwa huo. Nyumbani, hifadhi ya kwako pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Uliza shata imepigwa mara ngapi. Ya 7D ilitengenezwa kustahimili kama mara 150,000. Piga fremu mfululizo hapo hapo dukani, umpige mtu anayekuja kwako, sio ukuta. Ukuta haukimbii. Na weka fokasi kwenye hali ya kufuata kitu, ile Canon wanayoiita AI Servo. Muuzaji akikuzuia kujaribu, mwage hapo hapo.

Yule winga nilimpata wiki ya tatu, dakika za mwisho, vumbi limepanda. Nilikuwa nimekaa kwenye kona anayopenda kuingilia, kwa sababu nilishamwandika mara nne bila picha na najua akifika pale huwa anakata kwa ndani. Shata 1/1000, f/4, ISO 3200. Fremu mbili zina mgongo wa beki. Ya tatu ina yeye, mpira na uso wake, meno yote nje.

Mhariri aliipa safu mbili, chini ya ukurasa. Nakala tatu nilizinunua kwa hela yangu nikampelekea. Akaangalia muda mrefu, halafu akauliza kama naweza kumtumia ile yenyewe kwenye simu, kwa sababu Jumatatu ana majaribio.