Furaha Isiyonyamaza

Mwaka mmoja mshahara wangu ulichelewa miezi mitatu. Mwenye duka alikuwa amekwisha kufunga daftari la mikopo, na ada za watoto zilikuwa hazijalipwa. Jumapili mhubiri akatuhimiza tufurahi katika Bwana. Nilikasirika. Niliiona furaha hiyo kuwa dawa ya usingizi kwa wenye njaa.

Usiku nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wamechapwa bakora mjini Filipi, miguu yao imefungwa katika mkatale, nao usiku wa manane wanaomba na kuimba. Hilo nilikuwa nikilijua tangu utotoni. Nilichosahau ni asubuhi yake. Mahakimu walipoagiza waachiliwe, Paulo alikataa kutoka kwa siri: wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, basi wakubwa hao na waje wenyewe kuwatoa. Nao wakaja, wakawasihi.

Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Nadhani asingaliweza kudai kwa utulivu ule kama gereza lingalikwisha kumnyang'anya wimbo.

Kesho yake mimi na wenzangu tuliandika barua ya madai, bila matusi wala woga. Mshahara haukuja wiki ile. Lakini jioni, mke wangu alipoanzisha utenzi mbele ya uji mtupu, niliitikia.

Ndugu msomaji, anayekuhubiria furaha ili usidai haki yako amekusomea nusu ya kisa.