Shimo Lilipopata Mwenyewe

Machimbo madogo ya Isiolo ninayoyakumbuka, yale ya kabla ya mwaka 2000, yalifanana kwa jambo moja: shimo halikuwa na mwenyewe. Ardhi ya malisho, kuanzia Kinna na Garba Tula hadi Merti, ilishikiliwa kwa amana na baraza la kaunti. Madini yaliyo chini yake yalikuwa ya serikali, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1940, na mchimbaji alikuwa mpita njia. Huko Dusi, upande wa Garba Tula, yakuti samawi imo ndani ya mwamba wenyewe, tofauti na kwingi ambako huokotwa katika changarawe za mito. Anayeitaka hana budi kupasua mwamba, na mwamba ukishapasuliwa haurudi. Mchimbaji akihama, kifusi kilibaki. Mfugaji ambaye ngamia wake alitumbukia hakujua abishe mlango gani, kwa kuwa baraza lingesema madini si yake na Nairobi ingesema malisho si yake.

Mabadiliko yalikuja kwa makaratasi, wala sisemi hivyo kwa kejeli. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilizaa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kanuni za mwaka 2003 zikataka tathmini ya athari kabla ya sururu ya kwanza, kisha ukaguzi kazi ikiendelea. Mwaka 2007 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa uvunaji wa mchanga. Katiba ya 2010 ikaigeuza ardhi ya amana kuwa ardhi ya jamii. Halafu mwaka 2016 zikapita sheria mbili zilizogusa shimo moja kwa moja. Ile ya madini inadai mpango wa kurejesha ardhi na kufunga mgodi, na inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Ile ya ardhi ya jamii inataka mkataba wa mwekezaji uridhiwe na theluthi mbili ya watu wazima mkutanoni, na ueleze ardhi itarekebishwaje kazi ikiisha au ikitelekezwa. Kwa hiyo shimo limepata mwenyewe. Ambacho hakijabadilika vya kutosha ni kipimo. Mpaka leo hutazamwa kile ambacho afisa anaweza kukiona kwa ziara ya siku moja: je, shimo limefukiwa, na je, miche imepandwa? Katika nchi ya mifugo naona kipimo kiwe malisho, na mpimaji awe yule anayelisha pale.

Ushahidi wangu mkubwa ni mathenge. Mti huu ulifika Kenya mwaka 1973, mbegu zake zikitoka Brazil na Hawaii, kwa kazi hii hii tunayoizungumzia: kufunika machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi, Mombasa. Miaka ya themanini ukapelekwa Baringo, Turkana na Tana River kupambana na jangwa. Kama ukijani ndio kipimo, hakuna mti uliofaulu kuushinda. Lakini Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu yake, wakampeleka mbuzi mahakamani ili hakimu ajionee meno yalivyoharibika kwa kula maganda yake, na mwaka 2008 ukatangazwa kuwa gugu hatari. Hupenda ardhi iliyovurugwa, na kaskazini hii umeshazipata kingo za mito na kando za barabara. Ni kweli Bamburi yenyewe ilipona. René Haller, kuanzia mwaka 1971, alijaribu aina 26 za miti, tatu tu zikashika, akatumia mivinje na majongoo kutengeneza udongo upya. Ila pale pana mvua ya pwani, maji yako karibu chini ya mwamba, na nyuma yake palikuwa na kampuni yenye fedha na subira ya miongo. Garba Tula mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 400. Hazina yetu ni sentimita chache za udongo wa juu zenye mbegu za nyasi. Zitengwe siku ya kwanza, zisichanganywe na kifusi, zirudishwe kabla ya masika. Mchimbaji asiyefanya hivyo mwanzoni hawezi kulifidia mwishoni kwa miche ya kununua.

Wapo wafugaji watakaonipinga kwa hoja nzito kuliko za wachimbaji. Mashimo ya murramu yaliyochimbwa tangu ujenzi wa lami ya kuelekea Moyale uanze mwaka 2007 hukusanya maji, na watu huomba yaachwe yawe silanga, yaani mabwawa ya kunyweshea mifugo. Kwa nini tufukie maji katika nchi ya kiu? Hoja hii naikubali nusu. Shimo lenye kuta zilizosimama wima huzamisha watoto na ndama, kwa hiyo angalau lilazwe kingo. Tena maji nayo yana mahali pake. Waborana wa Waso, hapa Isiolo, kupitia wazee wa dedha, yaani baraza lao la malisho, hutenga malisho ya mvua, ya kiangazi na ya akiba wakati wa ukame. Silanga likiangukia katika akiba, mifugo huletwa humo mvua ikiwa bado inanyesha, na kiangazi kikifika nyasi zimekwisha. Mhandisi hana namna ya kulijua hilo kwa kutazama ramani yake. Lifukiwe au liachwe, uamuzi huo ni wa dedha, na ufanywe kabla ya kuchimba.

Pingamizi la pili ni fedha: mchimbaji wa nyundo na ungo atatoa wapi dhamana? Kifungu cha 181 cha Sheria ya Madini kinawadai dhamana ya mazingira waombaji wa leseni, yaani wachimbaji wakubwa, na wenye vibali vidogo hawatajwi. Huruma hiyo hailisaidii shimo. Macalder kule Migori, mgodi na kinu chake vilifungwa mwaka 1966, na mabaki ya usagaji yakawa mzigo wa waliobaki. Kufunga kwa amri nako hakutoshi: machimbo ya dhahabu ya Hillo, Marsabit, yalikuwa yameshapigwa marufuku, na bado Mei 2024 kifusi kiliua watu watano. Kaunti hutoza ushuru kwa kila lori la mchanga au mawe, na sehemu ya ushuru huo inaweza kutengwa kidogo kidogo iwe dhamana ya shimo husika. Nani ataaminiwa kuishika? Sheria ya Ardhi ya Jamii tayari inaitaka kaunti iweke fidia ya ardhi isiyosajiliwa katika akaunti maalumu yenye riba, hadi jamii isajiliwe na kukabidhiwa. Dhamana na ipite njia hiyo hiyo. Nusu yake iachiliwe kingo zikishalazwa na udongo kurudishwa, na nusu isubiri misimu miwili ya mvua, wazee wa dedha waende wakakague nyasi.