Sketi ya Vilele na Mabonde

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, uzi wa kufumia haukuwa kitu cha kukuta dukani Njombe. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni nazo zimekauka, na hata mche wa sabuni ulipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Baridi ya Juni na Julai haikujali hayo. Mwanamke kijana aliyefundishwa kroshia na masista wa misheni, ambaye leo mtaani kwake anaitwa Bibi Fundi, alikuwa akifumua masweta yaliyochakaa. Aliosha uzi, akauning'iniza ukiwa umefungwa jiwe ili mikunjo inyooke, kisha akauzungusha upya kuwa mabonge.

Mabonge yenyewe yalikuwa madogo. Sweta la mtoto lilitoa kijani kidogo, la mzee likatoa kahawia iliyofifia kwenye viwiko. Hakuna rangi iliyotosha nguo nzima ya mtu mzima. Ndiyo maana akaipenda zigizaga. Katika mtindo huo wa vilele na mabonde, rangi inaweza kubadilishwa kila mstari, na jicho la mtazamaji hufuata mawimbi bila kuuliza kwa nini kijani kimeishia pale.

Sketi zake za kwanza zilikuwa na upana uleule juu na chini. Alipima nyonga, akafuma kitambaa cha mstatili kwa upana huo, akaunganisha pembeni, akapitisha kamba kiunoni na kuivuta. Kitambaa kilijikusanya tumboni na kumnenepesha hata msichana mwembamba. Wateja hawakulalamika, maana kupata sketi ya joto wakati ule kulikuwa ni bahati. Aliyeudhika ni fundi.

Ugumu ulitoka kwenye zigizaga yenyewe. Kila kilele hutengenezwa kwa kuingiza vitanzi 3 virefu katika tundu moja, na kila bonde kwa kuunganisha vitanzi 3 viwe kimoja. Kinachoongezwa juu hupunguzwa chini, na hesabu hubaki palepale mstari baada ya mstari. Usawa huo ndio unaofanya mawimbi yakae vizuri. Usawa huohuo ndio unaoinyima sketi umbo, kwa sababu mwili wa mwanamke haulingani kiunoni na kwenye nyonga.

Baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara mwaka 1984, bidhaa zilianza kurudi na masweta ya mitumba yakajaa sokoni. Fundi akajifunza kuchagua kwa kugeuza sweta ndani nje. Kama mshono wa ubavuni umekatwa kwa mashine na kuzungushiwa nyuzi, aliliacha, kwa kuwa ukilifumua unapata vipande vifupi tu. Kama kingo zilifumwa zikakamilika kisha zikaunganishwa, uzi ungetoka mrefu bila kukatika. Sasa alikuwa na uzi wa kutosha kujaribu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la sindano. Alifuma chini kwa sindano ya milimita 5, akapanda kwa ya 4, akamalizia kiuno kwa ya 3.5. Umbo lilipatikana, ila dogo. Kiunoni kitambaa kilikuwa kigumu, na chini kililegea kiasi cha mwanga kupita, mpaka ikabidi mvaaji atangulize shimizi. Kwa sketi ya mtoto njia hiyo inafaa hadi leo. Kwa mwanamke mwenye nyonga haitoshi.

Jibu lilikuwa kwenye kilele. Akaanza kufuma kutoka kiunoni kwenda chini, na penye haja ya upana akaingiza vitanzi 5 kwenye tundu la kilele badala ya 3, huku bonde akiliacha kama lilivyo. Kwa uzi wake, vitanzi 2 huchukua takriban sentimeta 1. Basi kiuno cha sentimeta 70 ni vitanzi 140, yaani vilele 14 vyenye vitanzi 10 kila kimoja pamoja na bonde lake. Mstari mmoja wa kuongeza huleta 12 kwa kila kilele, mwingine 14, na hapo jumla ni 196: nyonga ya sentimeta 98. Vilele hubaki 14 vilevile. Kinachorefuka ni miteremko yake, na mawimbi yanapanuka taratibu kuelekea chini. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali nguo ilipoongezwa, na hilo ndilo linaloifanya sketi hii ipendeze.

Kiuno kilidai uangalifu wa aina yake. Sentimeta 15 za juu alizifuma kwa kwenda na kurudi, akiacha mwanya wa vifungo ubavuni ili sketi ipite nyonga, ndipo akaunganisha duara. Ukingo wa juu, wenye meno kama zigizaga yoyote, aliusawazisha kwa kujaza mabonde vitanzi virefu na kupita juu ya vilele kwa vifupi, kisha akaweka mkanda.

Mawimbi hayo yalikuwa na sifa mbali na Njombe pia. Nchini Italia, Ottavio na Rosita Missoni, walioanzisha karakana yao mjini Gallarate mwaka 1953, waliifanya zigizaga ya rangi nyingi kuwa alama yao duniani. Wao walitumia mashine za kufuma. Kroshia imebaki kazi ya mkono, na viwanda havijaweza kuitoa kwa wingi kama vinavyotoa masweta.

Mjukuu wa Bibi Fundi, anayepokea oda zake Dar es Salaam kupitia Instagram, hutumia uzi wa pamba kwa sababu ya joto. Pamba ni nzito, na sketi hurefuka ikivaliwa.

"Itundike ilale usiku kucha, mjukuu wangu," Bibi alimwambia. "Ikishajivuta ndipo umalize pindo."

Kuhusu pindo hawakuelewana. Bibi huyajaza mabonde ya chini ili ukingo unyooke; kwake meno ni kazi ambayo haijaisha. Mjukuu huyaacha wazi, maana wateja wake wanayataka hayohayo. Tena yeye, akishapita nyonga, huongeza kwenye kilele kimoja na kuruka kinachofuata, chini kukafunguka kwa mikunjo inayokaribia marinda. Bibi aliigeuza sketi moja ya aina hiyo, akahesabu miteremko, akaomba aonyeshwe tena polepole. Oda iliyofuata walifuma pamoja: Bibi akashika kiuno na nyonga, mjukuu akamalizia chini, meno yakaachwa, na malipo wakagawana nusu kwa nusu.