Picha za Ukutani, Likoni

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimetandaza picha zetu zote mkekani. Ya nyanya, aliyopigwa studio ya Parekh kisiwani mwaka 1966, nyeusi na nyeupe, bado maua ya leso yake yanahesabika. Ya harusi ya wazazi, 1978, ya rangi, imegeuka nyekundu tupu, na haijawahi kutoka sandukuni. Yaniuma. Nyeusi na nyeupe ni madini ya fedha yenyewe yaliyobaki karatasini. Ya rangi, fedha huondolewa wakati wa kuoshwa, zikabaki rangi tatu: sayani, majenta na manjano. Kwenye karatasi nyingi za miaka ile sayani ndiyo iliyotangulia kufa, hata gizani, na joto letu likaihimiza.

Jumanne, 17 Juni

Leo ni ya baba na ami, 1994, katika kibanda cha picha pale feri: pazia limechorwa meli na ndege, maua ya plastiki kila pembe. Vibanda kando ya kivuko vilichomwa katika ghasia za Agosti 1997, na negativu hatuna. Hii ndiyo pekee. Unyevu wa Pwani umeifanya inate kwenye kioo. Mama alishaanza kuibandua.

"Mama, tafadhali usiivute. Uso wake utabaki kiooni."

"Na babako nitamuona vipi, mwanangu?"

Nimeipiga skani pamoja na kioo chake, polepole, mama akisimama juu yangu.

Jumapili, 22 Juni

Nimevuka hadi Changamwe kuchapisha. Kabla ya bei niliuliza wino. Nilitaka wa pigmenti, ambao chembe zake haziyeyuki na hustahimili mwanga, si ule wa bei rahisi unaochujuka haraka. Nililipa zaidi, na naona ni haki. Nakala nimeitundika mbali na dirisha, na fremu ya kadi imeitenga na kioo. Asili imelala kabatini, ukuta wa ndani, si chini ya mabati. Negativu za harusi zimeingia friji ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa. Siku ya kuzitoa, mifuko isifunguliwe hadi ubaridi uishe, la sivyo zitatoka jasho.

Khalati wa Kisauni amepiga simu. Ana albamu tatu za kurasa za gundi, zile zinazoila picha kwa nyuma. Nimemwomba asibandue hata moja hadi nifike Ijumaa.