Kuandika Baada ya Zamu

Uuguzi ni kazi ya kuandika, ingawa wengi hawaioni hivyo. Zamu ikikaribia kwisha unakaa na kitabu cha ripoti: nani kalazwa, nani karuhusiwa, joto, presha, dawa gani imetolewa saa ngapi. Nimeyaandika hayo tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nilipofungua daftari langu mwenyewe, mvi zimekwisha kutanda, sikuwa na hofu ya kalamu.

Lililonipa tabu ni kujiweka ndani ya maandishi. Ripoti ya wodini haimtaki mwandishi wake. Inasema mgonjwa amelala vizuri. Haisemi kwamba muuguzi alikaa naye mpaka alfajiri kwa sababu ndugu zake walikuwa mbali. Nilipoandika habari za mama mmoja aliyejifungua usiku wa mvua, umeme umekatika, zilitoka saa, uzito wa mtoto na kiasi cha damu iliyopotea. Kila neno lilikuwa sahihi. Lakini hofu yangu haikuwamo, wala moshi wa chemli, wala namna mkunga mkuu alivyomsemesha yule mama kwa Kibondei, taratibu, mpaka sisi wasichana nasi tukatulia.

Kijana anayeanza kuandika huhangaika kutafuta la kusema. Sisi tuliochelewa tunalo tele, ila tumezoea kujificha, na wanawake wa rika langu tulianza kufundishwa kujificha nyumbani kabla ya kazini. Siri ya mgonjwa ni amana, na hakuna jina la mgonjwa litakalotoka kwenye kalamu yangu. Uchovu wangu na furaha yangu, hivyo ni vyangu, na naona nina haki ya kuvisema.

Aliyenifungua ni Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Utendi wake tuliusoma shuleni kama mafunzo ya mke mwema, na sikuwahi kujiuliza aliutunga katika hali gani. Ulikuwa mwaka 1858. Alikuwa mtu mzima, maradhi yamemwelemea, na alimtungia binti yake. Leo naamini nguvu ya utendi ule imetoka hapo: alimjua anayesema naye, na alijua muda si mwingi. Nami nikaacha kuwaandikia watu wote, nikamwandikia mjukuu wangu anayesomea uuguzi. Papo hapo sentensi zikabadilika. Yeye saa na vipimo atavisoma vitabuni. Anachohitaji kutoka kwangu ni kujua mikono inatetemeka namna gani usiku wa kwanza, na nani wa kumtazama usoni inapotetemeka.

Akija mtu wa miaka arobaini kuniambia umri wa kuandika umempita, humtajia Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. Naye alianzia idara ya afya kule Unguja, akahamia kwenye magazeti, na alikuwa anakaribia miaka 40 hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale iliposhinda mashindano ya uandishi ya 1957/58. Bwana Msa, mpelelezi tunayempenda wengi, alifika kwa wasomaji kupitia kitabu hicho.

Kuna haraka ambayo kijana haijui, kwani wenzangu wa wodi ile wanapungua. Nilimpigia simu mmoja nimuulize habari za usiku ule, akanikatalia katakata kwamba mvua ilinyesha. Yeye anakumbuka joto kali na madirisha wazi. Nimeandika kumbukumbu zote mbili, yake na yangu, wala sitaki kumshinda. Mkunga mkuu mwenyewe yu hai, yuko Muheza, amepita miaka themanini. Wiki ijayo nakwenda kumwamkia na kumsikiliza, na mjukuu wangu ameomba tufuatane. Daftari atalishika yeye.